Kushuka na Ziwa Tanganyika taratibu: Kagunga hadi Kalya, kituo kwa kituo

MwishoWaReli

Wakuu, salaam.

Likizo ikikaribia, jukwaa hili hujaa nyuzi za watu wanaoshuka pwani: Bagamoyo, Pangani, Tanga, au Kilwa mpaka Mikindani. Sina ugomvi nazo. Ila sisi wa huku tuna mwambao wetu, na mtu akiuliza "Kigoma kuna nini?" anajibiwa dagaa na sokwe, mada imefungwa. Uzi huu ni wa mwenye gari, au asiye nalo, anayetaka kushuka na ziwa bila haraka, alale jua linapomchwea, ale alichokikuta.

Niseme mapema kitu kinachowaponza wengi. Hakuna barabara inayofuata ziwa mwanzo mwisho. Kwenye ramani unaona maji yamenyooka kaskazini kwenda kusini, karibu kilomita 670, unadhani utaendesha ziwa likiwa dirisha la kulia siku nzima. Wapi! Milima ya bonde la ufa imeingia majini. Ziwa lenyewe lina kina kinachofika mita 1,470 hivi, na duniani linapitwa na Baikal la Urusi peke yake, sasa fikiria kingo zake zikoje. Kuna sehemu mlima unashuka moja kwa moja mpaka kwenye maji, hata pa kupitisha baiskeli hamna. Kwa hiyo safari hii ni ya kuchanganya: gari palipo na njia, boti pasipo nayo, na ratiba unaiacha kwa wenye boti. Asiyeweza kukaa chini ya mwembe akisubiri nahodha amalize chai yake, huu mwambao haumfai.

Kigoma mjini. Anzia stesheni. Reli ya Mjerumani ilifika hapa mwaka 1914, na jengo bado limesimama, linatazama barabara inayopanda mjini. Kutoka hapo hadi bandarini ni kutembea tu. Bandari hii ndiyo nyumbani kwa meli ya Liemba, na hata kama huikuti ikisafiri, historia yake inatosha kumsimamisha mtu. Ilijengwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913 kwa jina la Graf von Götzen, ikafunguliwa vipande vipande, ikapakiwa kwenye maelfu ya masanduku, ikaletwa Dar kwa meli na huku kwa treni. Ikaunganishwa upya, ikashushwa majini mwaka 1915. Julai 1916 Wajerumani walipoona wanazidiwa wakaizamisha wenyewe, lakini mafundi wake walizipaka injini grisi kwanza, yaani walikuwa na nia ya kuirudia. Hawakurudi. Waingereza waliiopoa mwaka 1924 na kuirudisha kazini 1927. Anayetaka kusafiri nayo aulizie bandarini kabla ya kupanga lolote, asitegemee alichosoma mtandaoni, pamoja na uzi huu.

Kuogelea, nenda fukwe za upande wa Katonga. Jakobsen ndiyo inayojulikana, unalipa kiingilio, maji ni maangavu mpaka unaona samaki wa mapambo wakizunguka mawe. Wengi wa samaki hao hawapatikani ziwa jingine lolote. Kwenye maji yaliyotuama yenye majani karibu na makazi usiingie, kichocho kipo.

Ujiji. Bajaji zinakwenda muda wote. Kila mtu anakimbilia mnara wa Livingstone na Stanley, anapiga picha, anaondoka. Ndiyo, walikutana hapo mwaka 1871, na Burton na Speke walishafika mapema kuliko wao, Februari 1858. Lakini kaa kidogo ujiulize: kama Ujiji ilikuwa bandari, mbona mnara uko mbali na maji? Wakati ule ziwa lilikuwa juu. Mto Lukuga, ambao ndio mlango wa kutolea maji upande wa Kongo, ulikuwa umeziba. Mwishoni mwa miaka ya 1870 ukafunguka, maji yakashuka mita kadhaa, ufukwe ukasogea. Miaka ya karibuni limekuwa likipanda tena, waulizeni watu wa Kibirizi na Katonga nyumba zao zilivyofuatwa na maji. Kwangu mimi hilo linanigusa kuliko salamu ya wazungu wawili.

Ukimaliza makumbusho, ingia mitaani. Nyumba za baraza, misikiti, michikichi na miembe kila kona, wazee wenye kofia wanaozungumza Kiswahili ambacho mtu wa Mrima angekitambua. Biashara ya misafara iliunganisha mji huu na Bagamoyo kupitia Tabora, na watu waliuzwa katika njia hiyohiyo. Mambo hayo mawili hayatenganishiki, na wenyeji hawakufichi.

Kaskazini. Gari unaliacha mjini. Boti za abiria zinatoka Kibirizi, kwa kawaida mchana, kwa sababu zimewaleta watu sokoni asubuhi na zinawarudisha makwao. Zinapita Mtanga, Gombe, Mwamgongo, mpaka Kagunga mpakani na Burundi. Maana yake ukipanda boti ya wananchi utalala uendako. Jumapili usizitegemee.

Gombe nitaipita haraka kwa sababu imeandikwa sana. Mtafiti Jane Goodall alishuka pale Julai 1960, na mwaka huohuo akamwona sokwe aliyempa jina David Greybeard akichokoa mchwa kwa kijiti. Hifadhi ya taifa ikatangazwa 1968. Hakuna gari ndani, ni miguu, na milima ni ya kweli, usivae ndala. Mwenye mafua asiende, ugonjwa wetu unawaua sokwe. Chakula ule ndani, nyani wa pale wanapora mchana kweupe. Kama sokwe hawakuonekana, maporomoko ya Kakombe yapo hapohapo.

Mimi napenda zaidi Mwamgongo, kijiji kinachofuata. Kimebanwa kati ya mlima na maji, hakuna pikipiki inayokupigia honi. Jioni unakaa ufukweni unaangalia jua likizama nyuma ya milima ya Kongo. Pwani jua linatoka baharini, huku linaingia ziwani.

Kusini naacha kwa wanaopajua kuliko mimi. Karibuni.

Unyanyembe_1

Mkuu shukrani. Mimi niko Tabora, nina gari dogo, mke na watoto watatu, mdogo yuko darasa la pili. Nafikiria kupita Urambo, Kaliua, Malagarasi, Uvinza. Gari litafika? Na watoto wataingia Gombe?

MwishoWaReli

Unyanyembe_1, karibu jirani. Mpaka Kigoma mjini na Ujiji gari dogo linafika, tangu lijengwe daraja la Kikwete pale Malagarasi njia hiyo si ile ya zamani. Ila bado kuna matengenezo na michepuko, kwa hiyo uliza madereva wa mabasi kabla ya kuondoka, hasa masika. Usiendeshe usiku.

Gombe, watoto wadogo hawaruhusiwi kufuatilia sokwe. Usiwapeleke mkaishia kugombana na askari getini. Wapeleke Jakobsen, watakushukuru zaidi.

Pale Uvinza simama. Watu wanapita mbio hawajui kwamba chumvi imechemshwa pale kutoka kwenye chemchemi za maji ya chumvi tangu zaidi ya miaka elfu moja iliyopita. Wajerumani walikuta biashara tayari ipo, na chumvi ya pale ilikuwa inatembea mbali sana bara.

Pwani Mrima

Nimesoma yote. Mleta uzi anaandika vizuri lakini tuwe wakweli. Mwambao bila barabara ya mwambao ni mwambao gani? Mimi natoka Tanga asubuhi, nala Pangani mchana, nalala Bagamoyo nikitaka. Huko kwenu nisubiri boti, boti isubiri upepo, upepo usubiri nani? Na magesti ya vijijini tunayajua, ndoo moja ya maji na taa ya sola inayokufa saa tatu.

MwishoWaReli

Pwani Mrima, ndoo na taa umesema kweli, sitabisha. Anayetaka hoteli ya bwawa la kuogelea abaki Kigoma mjini, zipo.

Lakini barabara ndiyo inayomaliza ufukwe, ndugu yangu. Palipo na lami pana kiwanja kimeuzwa, pana ukuta, na unaambiwa bahari iko nyuma ya ukuta. Huku ufukwe bado ni wa mwenye mtumbwi na mama anayeanika dagaa. Unashuka kwenye boti, unakanyaga mchanga, umeshafika kijijini. Na wewe mwenyewe umesema Tanga, Pangani, Bagamoyo kwa siku moja. Hiyo tunaiita kupeleka mzigo.

Kipe na Taa

Naongezea jambo moja ambalo mleta uzi hakuligusa, na mimi nimekulia kwenye uvuvi nalijua. Pangeni safari kwa mwezi wa angani, achaneni na kalenda ya ukutani.

Dagaa wa Tanganyika anavuliwa usiku kwa taa. Mwanga unawakusanya wadudu wadogo wa majini, dagaa anafuata kula, migebuka inafuata kula dagaa, na wavu unangoja chini. Zamani ilikuwa karabai za mafuta ya taa, siku hizi taa za betri na sola. Sasa mbalamwezi ikiwa kali, taa haina kazi, maji yote yana mwanga, samaki wametawanyika. Wavuvi wanatia nanga siku hizo, wanashona nyavu, wanalala na familia zao. Ukija mwezi mpevu utaona ziwa jeusi na hutapata samaki wa asubuhi. Ukija giza la mwezi, panda mlimani usiku, mahali popote juu ya Kibirizi au Katonga, uangalie vipe, vyombo vya kuvulia, vikiwa kazini. Utadhani kuna mji mwingine umewashwa huko katikati ya maji. Alfajiri uwe mwaloni, pale samaki wanaposhushwa, wakati vinarudi, ndipo bei inapopangwa kwa kelele.

Pili: ziwa linafungwa. Mwaka 2024 uvuvi ulisimamishwa kuanzia tarehe 15 Mei hadi 15 Agosti, nchi zote nne zinazolizunguka, samaki wapate kuzaliana. Kabla ya kukata tiketi uliza kama kuna zuio. Wengi hukasirika wakifika, kumbe tangazo lilitoka miezi mingi nyuma.

Na jambo la mwisho. Kiangazi upepo wa kusini unachachamaa, kuanzia Mei mpaka Agosti hivi. Mawimbi ya Tanganyika si ya kuchezea, na boti ya mbao iliyojaa magunia haiwezi kukimbia. Safiri asubuhi. Vaa boya hata wakikucheka. Nahodha mwenyeji akisema leo hatuendi, lala.

DagaaMchanga

Kipe na Taa umemaliza kila kitu. Wa mjini wanadhani nahodha ana uvivu.

Naongeza: kiangazi hichohicho kuna ukungu wa vumbi na moshi wa mapori yanayochomwa, milima ya Kongo huioni kabisa, unaona maji yanaishia kwenye weupe. Mvua ikishanyesha anga linasafishika, milima ya ng'ambo unaihesabu. Tatizo masika barabara ya kusini ni tope.

Mama Mise

Hamjambo wanangu. Naona mnazungumza boti na gari, chakula mmekiacha.

Anayekuja Kigoma aache kwanza habari ya chipsi. Nenda soko la Mwanga asubuhi. Dagaa wako wa aina mbili kwa macho ya mnunuzi: waliokaushwa kwenye mchanga na waliokaushwa kwenye vichanja. Wa mchanga ni rahisi, lakini utaosha mpaka mikono ichoke na jino litakwaruza. Wa kichanja analipiwa zaidi na anastahili. Wakikuambia wote sawa, chukua mmoja utafune hapohapo, meno hayadanganywi.

Dagaa wabichi ukiwapata, wapike na mawese. Mawese yawe mekundu, mapya, yanayonukia mchikichi, si yale yaliyokaa mpaka yakachacha. Kitunguu, nyanya, pilipili, chumvi, usikoroge sana wasivunjike. Ugali wa muhogo. Mgebuka wa kuchoma au wa moshi ni wa safari, unakaa. Sangala ni wa wageni wa heshima.

Na mkipita Simbo mkaona michikichi, simameni kwa kinamama wanaokamua. Chikichi linachemshwa, linapondwa, linakamuliwa mafuta, halafu kokwa yake tunaivunja tunapata mise, ina mafuta yake tofauti. Makapi ni kuni. Mafuta yasiyofaa kuliwa ni sabuni ya gwanji. Pale Kihinga kuna kituo cha utafiti wanachozalisha miche ya kisasa, mti mfupi, unazaa mapema. Mimi yangu ni ile mirefu ya babu, vijana wanaogopa kuipanda.

Unyanyembe_1

Shikamoo mama. Hayo mawese nikiyabeba kwenye gari hayatamwagika?

Mama Mise

Marahaba mwanangu. Yatamwagika. Kigoma nzima haijawahi kutoka mtu na mawese yasimwagike. Weka dumu ndani ya ndoo na ndoo iwe chini ya miguu ya atakayekaa mbele, siyo kwenye buti na nguo za watoto.

Mtu wa Kalya

Mleta uzi ametuachia kusini, basi ngoja niseme, kwa sababu kichwa cha uzi kimetutaja halafu hakuna aliyefika.

Kutoka Kigoma unapita njia ya Simbo kwenda Ilagala. Ilagala ndipo mto Malagarasi unapoingia ziwani baada ya kuzunguka nchi nzima ile ya magharibi. Mto ni mpana, unavuka kwa kivuko. Foleni ya kivuko ndiyo kituo chenu cha kwanza: karanga, mihogo, samaki wa kukaanga, habari za kijiji kizima bure. Msioge mtoni wala jirani na mdomo wake. Mamba wapo na viboko wapo, na mwenyeji akioga asiwe mfano wenu, yeye anajua saa na mahali.

Ukishavuka Ilagala gari dogo lisahau. Hiyo njia inataka gari la juu, na masika inataka gari la juu lenye winchi na dereva mwenye subira. Sunuka, Sigunga, Herembe, Igalula, Buhingu. Njia inaingia porini, inapanda, inashuka tena ziwani, kila inaposhuka kuna kijiji. Hapa sasa ndipo Pwani Mrima angepata dirisha lake la kulia, kwa vipande. Kutoka mlimani unaona maji ya bluu chini, mchikichi umesimama peke yake, halafu kona, limepotea, unarudi kwenye miyombo na mbung'o.

Mwenye akili anafanya hivi: kwenda kwa gari, kurudi kwa boti, au kinyume chake. Boti zinashuka mwambao huu na mizigo ya maduka. Zamani Liemba ilisimama Lagosa, haikuwa na gati, meli inasimama kwenye kina, mitumbwi inaifuata usiku na taa, watu wanapanda na kuku, magodoro na mashada ya ndizi. Mama yangu alinishusha hivyo nikiwa mgongoni.

Kusini ya Buhingu ni Mahale. Hifadhi tangu 1985, zaidi ya kilomita za mraba 1,600, kilele cha Nkungwe kina mita 2,462, na chini yake mchanga mweupe. Sokwe wa huko walianza kufuatiliwa na watafiti wa Kijapani miaka ya 1960, watu wanawasahau kwa sababu Gombe ilishika jina. Barabara haiingii ndani, ni boti na miguu. Ndiyo maana nasema: anayefika Mahale amefika kwa sababu amekusudia.

Kalya iko ng'ambo ya milima hiyo. Baada ya sisi, gari haliendelei na ziwa. Anayetaka kuendelea kusini arudi Uvinza, ashike njia ya Mpanda, ashuke Karema, ambako Wabelgiji walijenga ngome mwaka 1879 na baadaye Wamisionari wa Afrika wakaipokea. Kutoka hapo ni Rukwa: Kirando, Kipili, mpaka Kasanga na maporomoko ya Kalambo mpakani na Zambia, maji yanadondoka zaidi ya mita 200 kwa mkupuo mmoja. Hiyo ni likizo nyingine na fedha nyingine.

Kipe na Taa

Mtu wa Kalya, heshima yako. Hiyo ya kupanda Liemba usiku na kuku nimeiona kwa macho.

Pwani Mrima

Sawa, nimelainika kidogo. Nikija kwa treni bila gari, nikaingia Kigoma, nipange nini nisijichoshe?

MwishoWaReli

Sasa umeuliza swali la mtu mzima. Usipange kaskazini na kusini safari moja. Chagua.

Ningekuwa wewe: giza la mwezi, mwishoni mwa masika, tope limeanza kukauka, anga bado halijachafuka na upepo haujashika. Kaa mjini kwanza, Ujiji uende asubuhi kabla ya joto. Kisha Kibirizi, boti ya mchana mpaka Mwamgongo. Salimia uongozi wa kijiji ukifika, sema unalala kwa nani. Gombe uifanye wakati wa kurudi ukiwa umeshazoea milima. Beba fedha taslimu, siyo kila mahali mtandao wa simu unashika, na noti kubwa kijijini ni usumbufu kwa kila mtu. Siku mbili za akiba ziwe mfukoni kwa ajili ya upepo. Zisipotumika, zimalizie Katonga.

Na vitenge vinunue Mwanga, vya Kongo vinaingia hapo kwa maji.

Unyanyembe_1

Mimi na familia tumekata shauri: mjini, Ujiji, Katonga, kurudi kwa Uvinza. Kusini nitamwachia Mtu wa Kalya mpaka watoto wakue.

Pwani Mrima

Swali la mwisho kwa Mama Mise. Nasikia kuna samaki anaitwa kuhe, watu wanamsifia kuliko sangala. Jioni Mwanga anapatikana?

Mama Mise

Kuhe hapatikani kila siku mwanangu. Ukimkuta, usiulize bei mara mbili. Mwenzako yuko nyuma yako na mfuko ameshaufungua.